Sikio la Kulia ni la Nani

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne, na Mama Mikia aliisoma akiwa amesimama, glavu bado mikononi, barakoa imeshushwa kidevuni. Mstari wa kwanza ulimshukuru kwa miaka kumi na saba ya utumishi. Wa pili ulisema wanyama wa chumba chake wamechanganyika. Wa tatu ulisema ukoo wote wa panya wasio na kipokezi utalazwa siku ya Ijumaa. Wa nne ulimtaka, kuanzia Jumatatu ijayo, aripoti kwenye chumba cha kuoshea vizimba. Aliisoma tena akitafuta mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu aliwahi kumuuliza. Hapakuwapo.

Kulazwa, kwa lugha ya jengo lile, si kulazwa kwa shuka na mto. Ni sanduku la gesi, dakika chache, kisha mfuko mwekundu na tanuru. Yeye mwenyewe alikuwa amewalaza panya wengi, maana ndiyo kazi, wala hakuwa mtu wa kulialia. Lakini wale walikuwa na sababu. Hawa wa sasa walihukumiwa kwa kosa la kuchanganywa, na aliyedaiwa kuwachanganya ni mwanamke ambaye jikoni kwake chumvi na sukari havijawahi kukaa rafu moja. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Jina la Mama Mikia hakupewa na wazazi. Alipewa na wanafunzi wa maabara, kwa kuwa yeye ndiye aliyekata ncha za mikia. Mtoto wa panya akitimiza wiki tatu huachishwa ziwa, na siku hiyo hiyo hukatwa kipande cha mkia kidogo kuliko punje ya mchele, kipande kikapelekwa ghorofa ya juu kupimwa kama mwenyewe ana kipokezi au hana. Papo hapo hutobolewa sikio, ili majibu yakirudi ijulikane ni ya nani. Panya wanne weusi wa tumbo moja hata mama yao hawezi kukuambia yupi ni yupi. Hesabu ya masikio ilikuwa rahisi. Wa kwanza haguswi. Wa pili hutobolewa sikio la kulia, wa tatu la kushoto, wa nne yote mawili. Wakizidi wanne, waliozidi huhamia kizimba kingine na hesabu inaanza upya.

Na hicho kipokezi ni kitu gani? Hapo ndipo Daktari, mkuu wa maabara, alipokuwa akiwapoteza wageni kila alipojaribu kueleza. Mama Mikia alikuwa ameyasikia maelezo hayo akisugua sakafu, zaidi ya mara thelathini, na angeyasema vizuri zaidi kama kuna mtu angempa nafasi. Ndani ya uboho wa mifupa huzaliwa kila siku mamilioni ya seli B, zile seli za damu zinazokuja kutengeneza kinga. Kila moja huzaliwa na mkono wake wa kushikia maradhi. Zikiwa bado changa hupimwa: ile ambayo mkono wake unakamata mwili wenyewe badala ya adui hupewa nafasi ya kubadili mkono, na ikishindwa hufa. Zinazopita hutoka mfupani zikiwa changa vilevile, zikaingia kwenye bandama, na huko hungoja. Hungoja ishara ya kuziambia kaeni, mmekubaliwa. Ishara hiyo huingia kupitia kipokezi. Seli ikiipata hukomaa na kuishi majuma kwa majuma. Isipoipata, siku mbili tatu imekwisha. Nyingi haziipati. Daktari alitaka kujua panya asiye na kipokezi seli zake hukwama wapi hasa, mfupani au ndani ya bandama.

Upotevu ule ulimuudhi Mama Mikia tangu siku ya kwanza. Mamilioni yote hayo yazaliwe, yapimwe, yasafiri, halafu yafie kwenye foleni. Alipomsimulia mumewe, ambaye ni fundi wa friji na mtu wa utani, mumewe alimtazama kwa huruma ya uongo akamwambia, "Basi hata wewe mke wangu umekwama kwenye bandama."

Alikuwa na maana ya cheo. Mara tatu Mama Mikia aliomba kupandishwa kutoka msaidizi kuwa fundi wa maabara, na mara tatu fomu zilirudi na muhuri uleule. Alimnunia mumewe siku mbili, hasa kwa vile utani wenyewe ulikuwa na ukweli.

Haya, turudi kwenye vurugu. Aliyewatumia panya wale alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyeitwa Miwani, tena si kwa siri, maana mwenyewe alikuwa akiitika. Kazi yake ilikuwa kuchagua panya kwa namba zao, kuwatoa bandama, kuzisaga na kuzipitisha kwenye mashine inayohesabu seli changa ni ngapi na zilizokomaa ni ngapi. Alikuwa ameifanya miezi kumi na mmoja. Panya asiye na kipokezi alitarajiwa awe na seli chache mno zilizokomaa. Badala yake majibu yalitoka shaghalabaghala. Baadhi ya wasio na kipokezi walijaa seli zilizokomaa tele, na baadhi ya wenye kipokezi walikutwa karibu watupu. Daktari alikaa na makaratasi yale wiki mbili, usingizi ukamruka, mwisho akaamua kwamba panya wa kawaida wameingia kwenye ukoo. Na panya huoanishwa na nani? Na Mama Mikia.

Jumatatu ile ile ya barua alipanda ngazi hadi ofisini kwa Daktari. Miwani alikuwa amesimama pembeni, anatazama ncha za viatu vyake. Mama Mikia aliomba mikia ya panya waliobaki ipimwe upya, wote, hata kama itabidi akae hapo juma zima bila kwenda nyumbani. Daktari, ambaye kiumri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimjibu kwa adabu kwamba dawa za kupimia ziliagizwa na hazijafika, kwamba panya waliokwisha kutumika walishachomwa, kwamba ukoo uliochafuka haufai tena, na kwamba kuna watafiti wengine wanakingoja kile chumba. Kisha akasema lile lililomchoma zaidi.

"Mama, panya hawadanganyi. Anayechanganya ni mtu."

Alishuka ngazi, na maneno hayo yalimkera kuliko barua. Jioni alikataa kula. Mumewe alifungua mdomo kutania, akamtazama usoni, akakifunika chakula chake kwa sahani.

Jumanne aliingia stoo, akakalia gunia la chakula cha panya, akafungua madaftari yake. Alikuwa nayo kumi na moja, ya jalada gumu, kila kizazi kimeandikwa: nani na nani walioanishwa, watoto wangapi, mkia upi ulijibu nini. Daktari alikuwa ameambatanisha jedwali la Miwani kwenye barua kama ushahidi, panya arobaini na wanane wa vizimba kumi na viwili. Mama Mikia alichukua rula na kalamu nyekundu, akapita mstari kwa mstari, kila pale hesabu ya seli ilipopingana na jibu la mkia akatia alama. Zilitimia alama kumi na nne. Akazitazama. Akavua miwani ya kusomea, akaipangusa, akazitazama tena.

Watoto wa kwanza wote walikuwa sawa. Wa nne wote sawa. Alama zote kumi na nne ziliangukia wa pili na wa tatu.

Alipiga goti lake kwa rula. Panya wa kawaida akipenya kwenye ukoo, hachagui watoto wa pili na wa tatu akawaacha wa kwanza na wa nne. Panya hana ubaguzi wa namna hiyo. Kilichokuwa kimeharibika hakikuwa damu. Ni kusoma. Kuna mtu aliyekuwa akisoma masikio vibaya, na Mama Mikia alimjua ni nani, na siku ile kwa mara ya kwanza tangu barua alikula chakula chake cha mchana chote, akakwangua bakuli.

Jumatano saa nne asubuhi Miwani aliingia kuchukua panya wa mwisho kabla ukoo haujalazwa. Mama Mikia alijifanya anasafisha chupa za maji. Kwa pembe ya jicho alimwona akimtoa panya mmoja, akamweka juu ya kifuniko cha waya, akamshika mkia, kisha akainama mpaka pua yake ikawa karibu igusane na pua ya panya. Akatazama masikio. Akainua macho ukutani, kwenye picha ya masikio iliyobandikwa pale. Akarudisha macho kwa panya.

"Wa pili," akasema peke yake, akaandika.

Miwani alipogeuka kutafuta kizimba cha kubebea, Mama Mikia alimchukua panya yule kwa namna aliyomchukua kila panya kwa miaka kumi na saba, kwa ngozi ya kisogo, mgongo ukimwelekea yeye. Kitobo kilikuwa sikio la kushoto. Yule alikuwa wa tatu.

Furaha iliyompata haikuwa ya utu uzima. Alitaka kucheka kwa sauti, alitaka kumshika Miwani ukosi wa koti na kumpandisha ngazi hadi kwa Daktari. Amemnasa. Akageuka ukutani kuinyooshea kidole picha ile, aseme hebu soma vizuri, umesomeshwa wapi wewe. Picha ikamfunga mdomo.

Ilikuwa imechorwa na binti yake alipokuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa nje kwenye ujia. Siku hizi binti ni muuguzi mji mwingine, ana watoto wawili. Alichora sura nne za panya zikimtazama anayetazama, macho makubwa, masharubu, na mmoja anatabasamu kwa meno mawili. Kisha mama mtu, kwa mkono wake na kalamu yake nyekundu, akatia vitobo. Kwa panya wa pili alitia kitobo upande wa kulia wa karatasi, kwa sababu mikononi mwake kitobo cha wa pili huwa upande wa kulia. Lakini mikononi mwake panya humpa mgongo. Huyu wa kwenye karatasi alimpa uso. Upande wa kulia wa karatasi ulikuwa sikio lake la kushoto.

Miwani hakuwa amekosea kitu. Alimweka panya uso kwa uso kama picha ilivyo, akatafuta kitobo mahali picha ilipokionesha, akasoma kilichoandikwa. Kwa asiye na kitobo na mwenye viwili haikuleta tofauti. Kwa wa pili na wa tatu, kila siku, kwa miezi kumi na mmoja, alikuwa akiwabadilisha kwa utiifu mkubwa.

Picha ilikuwa imekaa ukutani miaka mingi bila kumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiisoma. Kila mwanafunzi aliyeingia, Mama Mikia alisimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono, akamfundisha kumnyanyua panya kwa kisogo huku akimwambia kulia kwako ndiko kulia kwake. Picha ilikuwa pambo tu. Kwa nini basi Miwani hakufundishwa? Ehe, hapo sasa. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Siku yake ya kwanza Miwani aliingia na viatu vya nje, hakutoa salamu, akatembea kati ya rafu akisoma kadi za vizimba, kisha akamuuliza Daktari, "Hapa kuna msimamizi?" Na Mama Mikia amesimama pale pale, ufagio mkononi, hatua mbili kutoka kwake. Kesho yake kijana yule alirudi peke yake kuuliza masikio yanasomwaje. Mama Mikia hakugeuza hata shingo kutoka kwenye sinki.

"Picha iko ukutani," alimwambia. "Msomi ni wewe."

Alilipenda sana jibu lile. Jioni yake alimhadithia mumewe, mara mbili.

Sasa alisimama na panya mkononi, na kwa kweli alijichukia. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Dakika moja nyuma alikuwa tayari kumburuta mwenzake hadi ofisini. Alimrudisha panya kwenye kizimba. Miwani alimtazama kama anayetaka kuuliza jambo, na yeye akainamia chupa zake.

Akisema, ukoo utapona, na hiyo kazi ya miezi kumi na mmoja pia itapona. Lakini mpaka asubuhi ile alikuwa mtu aliyeonewa, na akisema atakuwa mtu mwenye kosa. Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilimjia bila kuitwa. Aiondoe picha kimya kimya, kisha aseme Miwani amesoma kinyume. Itakuwa neno la kijana mgeni dhidi ya neno la miaka kumi na saba. Tusimpambe: aliifikiria njia hiyo kwa dhati. Saa saba, wengine walipokwenda kula, aliibandua picha ukutani, akaikunja, akaitia mkobani chini ya kanga.

Nyumbani mumewe alikuwa ameifungua mota ya friji ya mtu juu ya meza, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria. Mama Mikia alisogeza skrubu, akaitandaza picha. Mumewe akatabasamu mara moja, akamgusa yule panya mwenye meno mawili, akasema aliikumbuka ile ndoo. Ndipo akaelezwa yote, na tabasamu likaondoka taratibu. Alichukua muda akifuta mafuta vidoleni.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Ungemwambia Daktari leo leo."

"Nilipotoka alikuwa na wageni."

Wageni walikuwapo kweli, lakini waliondoka saa tisa, na yeye aliwaona kupitia dirisha la stoo wakiondoka. Alikuwa na saa tatu nzima. Alisema atakwenda kesho asubuhi, kwani hukumu ni Ijumaa, siku nzima ipo katikati. Mumewe hakubishana. Aliikunja picha kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka mbali na mafuta.

Alhamisi alifika saa mbili kasorobo na kukuta taa za chumba chake zimewashwa. Kando ya mlango vizimba vitupu vilikuwa vimepangwa, kimoja juu ya kingine, mpaka usawa wa kifua chake. Ndani alikuwamo jirani yake wa chumba cha pili, mzee wa makamo anayetunza panya wakubwa, ndiyo maana akaitwa Buku, na ndiye aliyepewa kazi ya kuulaza ukoo. Sanduku la gesi lilikuwa mezani. Alikuwa ameinama anafunga fundo la mfuko mwekundu.

"Kesho nina ruhusa, nampeleka mke wangu kliniki," Buku alisema bila kuinuka. "Nikaona nije mapema, dada, niwamalize kabla hujafika. Nisingependa uone."

Alikuwa amefanya kwa wema. Kama angekuwa mtu mbaya, Mama Mikia angempigia kelele. Alimwomba asimame, asiguse kingine. Akahesabu vizimba rafuni. Viwili juu, vinne chini. Sita. Kwenye kile cha mwisho walikuwamo mama na watoto wake wanne, waliotimiza wiki tatu siku ile ile, wakichimba maranda kana kwamba hakuna kilichotokea. Buku aliuliza kuna nini. Alimwambia atamweleza, akatoka na mkobawe bila kubadili viatu, yeye aliyekuwa akiwafokea watu kwa viatu.

Mbele ya Daktari alitandaza picha na jedwali lenye alama nyekundu. Miwani aliitwa. Mama Mikia alikunja ngumi yake ya kulia ikawa panya, akaonesha mgongo wake, akaigeuza ikawa uso, akasema kwa utaratibu nani alichora, nani alitia vitobo, nani alimwambia kijana asome ukutani na kwa nini. Hakuruka kitu. Lile la salamu, lilipotamkwa kwa sauti, lilisikika dogo mno.

Daktari alilivuta jedwali karibu. Aligeukia kompyuta, akawapa wa pili namba ya wa tatu na wa tatu namba ya wa pili, mstari baada ya mstari, kisha akabonyeza. Vidoti kwenye kioo, ambavyo kwa miezi vilikuwa vimetawanyika ovyo, vilijigawa vikundi viwili, huku na huku, na katikati peupe. Wenye kipokezi walikuwa na seli zao zilizokomaa. Wasio nacho, seli zao zilizaliwa mfupani kama kawaida, zikapita mitihani yote, zikaingia kwenye bandama, zikaishia hapo. Lilikuwa jibu la wazi kabisa. Daktari alifunika mdomo kwa kiganja. Miwani aliketi chini bila kutazama kama kuna kiti, bahati kilikuwapo.

Kwa muda mfupi wote watatu walikuwa na furaha. Kisha Daktari akageuka.

"Uliliona lini hili, Mama?"

Angeweza kusema asubuhi hii. Hakuna ambaye angejua, ila mumewe.

"Jana. Saa nne asubuhi."

"Jana saa nne vilikuwapo vizimba vingapi?"

"Arobaini na viwili."

"Na sasa?"

"Sita."

Daktari aliuliza kwa nini, Ijumaa si kesho? Akaelezwa habari ya Buku na ruhusa yake. Hakufoka. Alifungua faili, akatoa nakala ya ile barua, akachukua kalamu. Alikata mstari wa pili, ule wa kuchanganya wanyama. Akakata wa nne, ule wa chumba cha kuoshea. Kalamu ilisimama juu ya mstari wa tatu, ikangoja, kisha akaiweka chini. Mstari wa tatu ulishatimia, isipokuwa kwa vizimba sita. Alisema kutoka vizimba sita mpaka idadi ya kumalizia kazi ni miezi minane, kama mama wote watazaa vizuri, na kwamba Miwani hatahitimu mwaka huu.

Kwenye ngazi Miwani alimsubiri Mama Mikia amfikie.

"Siku ile nilijua umenikasirikia," alisema. "Sikujua kwa nini. Niliogopa kurudi kuuliza."

"Na mimi nilijua hujui kusoma masikio," alijibu. "Nikakuacha."

Kijana hakumwambia si kitu. Kilikuwa kitu, na wote wawili walikuwa wamepoteza mwaka. Walishuka pamoja. Mlangoni Miwani alivua viatu vya nje kabla hajaambiwa, akavaa vya ndani, akanawa, akavaa glavu. Mama Mikia alikiteremsha kile kizimba cha mama na watoto wanne, akasimama nyuma ya Miwani, akamshika kifundo cha mkono. Wa kwanza walimkata mkia, wakamwacha sikio. Wa pili Miwani alimnyanyua kwa kisogo, akalisogeza koleo la kutobolea, akasita.

"Kulia kwake," alisema.

"Ambako ni?"

"Kulia kwangu."

"Toboa."

Walipomaliza wa nne, Miwani alipeleka mikia juu, ikangoje dawa za kupimia. Ukutani, pale picha ilipokuwa, palibaki mraba mweupe kuliko rangi iliyouzunguka. Mama Mikia aliutazama kidogo, akazima taa ya meza, akaenda kwenye vile vizimba vya mlangoni. Ndani yake maranda yalikuwa bado yana mashimo ya kulalia, na kadi zilikuwa bado zimechomekwa, kwa mwandiko wake. Alizichomoa moja moja.

Buku alikuja na mikono ya shati imekunjwa, akasema amsaidie, au aviache, kwani kazi hiyo ina watu wake chini. Mama Mikia alimshukuru, akakataa. Akavipakia kwenye toroli, akavisukuma hadi chumba cha kuoshea, akafungua maji ya moto, akavaa aproni ya plastiki. Mstari wa nne ulikuwa umekatwa, lakini vizimba thelathini na sita aliviosha mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka saa kumi na mbili.